Mita Mbili za Mama Mkubwa

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nimepanga chumba kimoja hapa Biharamulo mjini, njia ya kwenda sokoni, nina kompyuta moja, printa inayotafuna karatasi, na hasira za karibu. Hasira nilizirithi, kompyuta niliinunua mwenyewe. Wateja wangu ni watumishi wanaojenga kidogo kidogo, wenye fremu za maduka, na ndugu. Ndugu ndio wabaya kuliko wote, maana mteja unaweza kumwambia aje kesho, lakini ndugu anakwambia anakuja sasa hivi na kweli anakuja.

Kiangazi cha mwaka jana nikapewa kazi na ndugu. Mama mkubwa, dada wa mama yangu, anakaa Ngara, juu kilimani upande wa Lukole. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, na ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kutoka nje kama tumbo la mtu aliyeshiba. Waliuegemeza kwa magogo mawili. Ukoo mzima tulijua kwamba ukuta ule hauvuki mvua nyingine, na ndani yake analala mjane mzee ambaye ukimwambia ahamie kwa mtoto wake hata kwa wiki moja anakuuliza kuku atamwachia nani. Watoto wake wakachangishana wamjengee nyumba ya tofali za kuchoma pale pale nyumbani, kwenye eneo walilolisawazisha kando ya ile ya zamani. Mwanawe wa kwanza, ambaye kwangu ni kaka na anafanya kazi Mwanza, akanipigia simu.

"Dada, chora haraka. Fundi anasubiri, lakini mvua haisubiri."

Sasa lazima niseme kidogo kuhusu programu ninayochorea, kwa sababu ndiyo iliyoyafukua mambo yote haya. Siyo programu ya kuchora mistari tu. Hii inajua kwamba ukuta ni ukuta na mlango ni mlango. Ukiusogeza ukuta, mlango unafuata, dari inafuata, paa linajinyoosha lenyewe. Na kila kipimo unachokiweka kina alama ya kufuli pembeni. Ukilibofya kufuli, umeiambia programu kwamba kipimo hiki hakibadiliki hata mbingu ishuke. Inatii. Mimi nilipoanza kuitumia nilikuwa nafunga na kufungua makufuli mchana kutwa kwa raha tu.

Raha inaisha ukifunga vipimo visivyopatana. Hapo inakutolea kisanduku katikati ya kioo, na maneno yake ya Kizungu ukiyageuza yanasema hivi: masharti haya hayawezi kutimizwa yote kwa pamoja. Chini yake kuna kitufe cha kuondoa masharti. Wenye haraka wanakibofya. Programu inachagua yenyewe sharti la kuvunja, kisanduku kinatoweka, na wewe unadhani umepona, kumbe jiko limepungua na hujui. Mimi kile kitufe sikigusi. Nikiona kile kisanduku, mwili wote unanisisimka kama mtu aliyesikia majirani wanagombana, nataka kwanza kujua nani kagombana na nani.

Ardhi ya mama mkubwa haina ujanja mwingi. Mbele ni barabara, nyuma ni mteremko unaoshuka mpaka kwenye migomba. Kushoto ni uzio wa minyaa wa jirani. Kulia kuna kaburi la baba mkubwa, limesakafiwa kwa saruji na lina msalaba. Nyumba ingekaa katikati, kati ya minyaa na kaburi, na urefu wake haungeweza kwenda kwingine. Fundi alipima, akaacha njia ya mtu kupita kabla ya kaburi, akapiga vigingi, akanitumia jibu: mita kumi na nne.

Nikachora. Sebule mita tano, hilo lilikuwa sharti la mabinti wa mama mkubwa, wakija wote na watoto Krismasi waenee. Chumba cha mama mita tatu na nusu, mabinti tena. Chumba cha kaka mita nne, maana kaka ana kitanda anachokiongelea kama mtu anavyoongelea ng'ombe wake, na kitanda hicho lazima kiingie na pande zote zibaki njia. Mama mkubwa mwenyewe hakuomba kitu. Nilimpigia kumuuliza anataka chumba chake kiweje, akasema chumba ni chumba. Nikafunga makufuli yote, nikaongeza unene wa kuta, ikabaki nusu mita ya akiba, programu ikakaa kimya kama mtoto aliyenyonya. Nikatuma.

Keshoye mama mkubwa akapiga yeye.

"Mwanangu, yule fundi amepima vibaya. Toa mita mbili."

"Mita mbili wapi, mama?"

"Kule mwisho, upande wa baba yenu. Pana mwamba chini. Msingi hautashuka."

Sawa. Nikaandika kumi na mbili, nikafunga kufuli. Kisanduku hicho hapo.

Nikaanza upelelezi wangu. Namna yangu ni moja tu: nafungua makufuli yote, kisha nafunga moja moja, na kila nikifunga nasukuma ukuta mmoja nione kama nyumba inacheza au imekaza. Nilianza kushuku kuta, kwa sababu mafundi wa kwetu wanapima chumba ndani kwa ndani, na wewe usipokumbuka unene wa tofali utashangaa nyumba imepata wapi urefu. Kuta hazikuwa na kosa. Nikashuku madirisha ya sebuleni, niliyokuwa nimeyaamuru yakae umbali sawa kwa sawa, maana sharti la namna hiyo hujificha halionyeshi hata namba. Nikaliondoa. Bado. Nikashuku nguzo za baraza. Jamani, nguzo za watu hazikuwa zimekosa lolote, nikazisumbua bure.

Mwisho ikabaki hesabu ya mtoto wa darasa la nne. Vyumba ni vitatu, na kila kimoja kimefungwa. Ukivipanga mstari mmoja pamoja na kuta zake, kumi na mbili haivitoshi. Basi mtu mmoja lazima alegeze, au zile mita mbili zirudi. Nikampigia kaka.

"Mwamba gani?" akauliza. "Mimi nimecheza hapo tangu nikiwa mtoto. Weka kumi na nne."

Nikampigia fundi. Fundi akasema yeye alipima kwa tepu, na akachimba mashimo ya vigingi, na mwamba hakuuona. Nikampigia mama mkubwa. Mama mkubwa akasema, "Fundi ni wa kutoka wapi? Hiyo ardhi anaijua yeye au naijua mimi?" akakata simu. Yule mama hakati simu, kwa kawaida anaisahau ikiwa wazi na unamsikia akifukuza kuku.

Hapo ndipo nikashikwa na hamu ambayo siwezi kuieleza vizuri. Ningeweza kumsikiliza kaka, yeye ndiye mwenye kujenga. Lakini nina ugonjwa huu, namba ikikataa kukaa silali. Kumi na nne na kumi na mbili haziwezi kuwa kweli zote mbili kwenye ardhi moja. Nikaazima mtaimbo kwa fundi wa jirani yangu, nikapanda basi la asubuhi, Lusahunga, Nyakahura, mpaka Benaco, na pale nikachukua pikipiki. Mwenye pikipiki akaniuliza ule mtaimbo ni wa kwenda kuvunja nyumba ya nani.

Mama mkubwa nilimkuta uani anapepeta maharage. "Shikamoo mama." "Marahaba mwana wanje," akanijibu kwa lugha ya nyumbani, yaani mwanangu, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mtaimbo. "Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kuuona mwamba."

"Kula kwanza."

Kwake hupimi kitu hujala. Nikala ndizi, nikaongezewa, nikaongezewa tena, na nikajua kabisa kwamba ninacheleweshwa. Kila nikiinuka anakumbuka kitu, mara chai, mara habari za mama, mara nione nyufa za ule ukuta. Ukuta nikauona, na kusema kweli niliogopa. Kidole changu kiliingia chote kwenye ufa, na kitanda chake kilikuwa kimesogezwa mbali nao. Nikatoka hapo nikiwa na haraka zaidi ya ile niliyokuja nayo.

Nikaenda kwenye uwanja. Nikapima kutoka kwenye minyaa. Kigingi cha upande wa kaburi kilisimama kwenye kumi na mbili. Lakini fundi aliniambia alikipiga kwenye kumi na nne, na fundi yule nimefanya naye kazi, hana tabia hiyo. Nikaendelea na tepu mpaka kumi na nne, nikainama, nikakuta shimo limefukiwa kwa udongo mpya ulioshindiliwa kwa kisigino. Na kati ya kigingi na kaburi, kwenye zile mita mbili na ile njia ya mtu kupita, palikuwa pamepandwa maharage.

Maharage katikati ya kiangazi! Bondeni ana shamba lake zuri ambalo halikosi unyevu, na huku juu kapanda kwenye udongo mkavu kama mkate wa juzi, anayamwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Yalikuwa yamechipua kwa shida, majani mawili mawili. Nikachukua mtaimbo, nikauchoma pembeni ya mstari. Ukazama. Nikachoma pengine. Ukazama kama kijiko kwenye ugali wa moto. Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa kichwani kimekaa upande.

"Mama, mwamba uko wapi?"

"Uko chini zaidi."

"Chini zaidi hata nyumba haina shida nako! Mama, umehamisha kigingi."

"Nimepanda maharage."

"Maharage yanahamishika!"

"Haya hayahamishiki."

Hasira zikanipanda. Nilimwambia maneno, siwezi kudanganya. Kwamba watu wanachanga, fundi anakaa bure, ukuta utamwangukia, na mimi nimeacha wateja mjini kuja kuangalia majani mawili mawili. Nikamwambia kama kuna kitu aseme, mficha uchi hazai.

"Mimi nimezaa sita," akasema. "Wewe unao wangapi?"

Nikacheka, sikutaka lakini nikacheka, na yeye akacheka kidogo, na baada ya hapo sauti yangu haikuweza kupanda tena. Akaenda akakaa chini pale pale, kwenye ukingo wa kaburi, miguu kaielekeza kwenye maharage.

"Angalia hili kaburi," akasema. "Unaona limekaa wapi?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimelichora mara nyingi kwenye kompyuta, kisanduku cha kijivu upande wa kulia, bila kujiuliza. Lilikuwa limesogea mno. Upande wa pili lilikuwa karibu kugusa migomba ya mpakani, na upande huu lilikuwa na nafasi kubwa ya bure. Mtu anayechimba kaburi kwenye uwanja wazi halisukumi ukingoni namna ile.

"Siku ile wachimbaji walianza katikati," akasema. "Mimi nikawaambia wasogee kulia, kuna mwamba."

Hakuendelea, na mimi sikumwomba aendelee. Kwetu mtu akiwa hai haonyeshwi mahali atakapolala, na yeye mwenyewe hapaonyeshi. Ukipataja umepaita. Kwa hiyo tangu siku ile ya mazishi, mama mkubwa amekuwa akiilinda ile nafasi kwa njia alizonazo, mwamba kwanza, kisha kigingi, kisha maharage. Nikakaa karibu naye, nikautazama ule udongo, na nikaona ni mdogo sana kusumbua watu hivi.

"Kwa nini usimwambie kaka?"

"Nimwambie nini? Nikimwambia leo, kesho asubuhi yuko hapa na gari ananipeleka hospitali." Akang'oa jani moja la gugu kati ya maharage. "Na nisipomwambia anajenga. Halafu mimi napelekwa kule chini walikozikwa wakwe zangu. Mwanangu, nimegombana na mama mkwe wangu miaka yote. Nikaendelee kugombana naye huko?"

Ndani ya basi la kurudi nilikuwa naona ajabu. Nilitumia wiki nzima kutafuta kosa kwenye ramani. Kufuli moja tu ndilo lililokuwa limefungwa kabla ya mengine yote, kabla sijanunua hata kompyuta, na ndilo ambalo halikuwa na namba wala mtu wa kulieleza. Nikawa najiuliza nimechora nyumba ngapi za watu zenye masharti ya namna hiyo, nikambana mteja aseme, na yeye akaishia kuniambia pana mwamba, pana mchwa, pana unyevu. Nilitamani nirudi nyuma niwaulize wote.

Lakini kwanza kulikuwa na kaka. Kumwambia wazi nisingeweza, siri haikuwa yangu na mwiko ni wangu pia. Kubofya kile kitufe nikampunguzia chumba kimya kimya nisingeweza pia, angekuja na kitanda chake akakwama mlangoni, tukaulizana. Nikamtumia ramani yenye mita kumi na mbili, kila chumba na kufuli lake, na kile kisanduku cha kukataa nikakipiga picha nikakiweka juu. Hakumaliza dakika, akapiga.

"Dada, si nilikwambia kumi na nne?"

"Kumi na mbili haifunguki, kaka. Mengine yote yanafunguka."

"Haifunguki kwa nini? Mwamba upo?"

"Nimechoma mtaimbo. Haupo."

"Sasa?"

Nikavuta pumzi. "Kaka, siku ya kumzika baba mkubwa. Unakumbuka wachimbaji walianzia wapi?"

Nilisikia magari ya Mwanza kwenye simu, na mtu anauza karanga. Nilidhani ameenda, nikaita, akaniambia yupo. Kisha akasema taratibu kwamba anakumbuka, walianzia katikati, na mama akawasogeza, na yeye alikasirika siku ile kwa sababu watu walikuwa wanasubiri na mama analeta habari za mwamba. Alimjibu mama vibaya mbele ya watu. Sauti yake ilikuwa inakatika.

"Basi," akasema. "Mwamba uache ukae. Punguza chumba changu."

"Na kitanda?"

"Kitanda kitauzwa. Punguza."

Nikapunguza. Chumba cha kaka mita tatu, sebule nikawaomba mabinti nusu mita wakatoa, nikawaambia ni mwamba, wakasema sawa. Nikafunga makufuli yote tena, moja baada ya jingine, na nikasukuma ukuta wa mwisho. Kimya. Nadhani nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Siku ya kupiga vigingi upya kaka alikuja kutoka Mwanza, na mimi nikaenda na ramani iliyochapwa. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Burundi. Fundi akavuta kamba kutoka kwenye minyaa mpaka kumi na mbili, akapiga kigingi. Maharage hakuna aliyeyakanyaga. Hakuna aliyesema neno lolote kuhusu nafasi iliyobaki, tulizungumza juu ya saruji na mchanga kama watu wenye akili zao.

Mama mkubwa akatoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga. Akasimama kati ya kamba na kaburi. Akaitazama kamba, akalitazama kaburi, akatembea kidogo huku na huku, kisha akatikisa kichwa.

"Hapatoshi."

"Mama!" Mimi huyo, hasira hizo hapo. "Si mita mbili uliomba mwenyewe? Tumefunga vipimo vyote!"

Kaka akanishika mkono. "Mama," akasema polepole, "ni wewe uliyesema mbili."

"Mimi zinanitosha, hata zinazidi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo lenyewe, na alilisema mchana kweupe mbele ya fundi na tepu yake. "Mimi ni mdogo, nitaenea popote. Nawahesabu nyie. Mtakaonishusha mtasimama wapi? Mtasukumana hapa na huu ukuta, mteleze, mmkanyage baba yenu."

Fundi akatazama chini. Mimi machozi yalinitoka, sikuyafuta. Kaka akainama, akakichomoa kigingi kwa mkono wake, akarudi nacho nyuma hatua kwa hatua, ndani ya kile kilichokuwa kiwe chumba chake, anamtazama mama usoni, mpaka mama aliposema, "Hapo sasa."